Pumzi ya Mpiga Baragumu

Naapa mbele yako, msomaji, na mbele ya Biblia iliyo juu ya kabati letu, kwamba haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, hayana chumvi hata ya kukolezea yai. Nikisema uongo, na nibebe mawe. Wanaonifahamu hapa Suji watacheka, maana husema kwamba Hezroni akikuambia mvua inanyesha, toka kwanza nje ukinge mkono. Waache wacheke. Habari hii si yangu. Ni ya jirani zangu wawili, nami nilikuwa mtazamaji tu.

Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Walikuwa na maana kwamba jambo kubwa haliondolewi kwa pigo moja la shoka, bali kwa vibanzi vidogo vidogo, leo kimoja na kesho kimoja, mpaka siku moja unatazama uwanjani hulioni gogo. Aliyenithibitishia maneno hayo ni Eliamini, mpiga baragumu.

Hapa milimani maji ni ndugu. Mfereji huyaleta kutoka msituni, nayo hulala usiku katika ndiva, lile bwawa la udongo na mawe walilolijenga babu zetu, ili asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani. Ndiva ikijaa tope au ukuta ukipasuka, kijiji kizima huitwa kwenye msaragambo, kazi ya wote isiyo na ujira. Mwito wake ni pembe ya tandala inayopulizwa alfajiri kutoka juu ya Mgongo, ule ukingo uliogawa kijiji chetu pande mbili. Ukipuliza ukiwa juu, pande zote mbili husikia. Ukipuliza ukiwa chini, upande mmoja husikia na mwingine huendelea kukoroma. Asiyefika msaragamboni hutozwa mbuzi.

Pembe hiyo ilikuwa ya babu yake Eliamini, kisha ya baba yake, kisha yake. Kwa miaka mingi alipanda Mgongo kama mbawala. Halafu, kidogo kidogo, akaanza kunenepa. Alinenepa mpaka koti lake la askari, alilorithi kwa mjomba, likakataa vifungo. Siku moja alikaa mwisho wa benchi la kanisani, na wanakwaya watatu waliokaa mwisho wa pili wakainuliwa juu kama ndoo ya kisimani, wakamalizia wimbo wakiwa hewani. Nimesema naapa.

Mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, mwezi wa Septemba, Eliamini alikwenda kuita watu wakazibue mfereji kabla ya vuli. Alipofika robo ya mlima, magoti yalimgomea na kifua kikawa kinavuma kama mvukuto wa wahunzi wa Ugweno. Akapuliza palepale. Upande wa mashariki ukaja kazini. Upande wa magharibi haukusikia kitu, na jioni watu kumi na wanane wakadaiwa mbuzi kumi na wanane.

Watani zetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sembuse kesi ya mbuzi? Mkutano uliitishwa, na watu wa magharibi walisema kila walichokuwa nacho moyoni. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka kusikiliza hotuba kule Same alisimama akasema kwamba katika nchi ya Ujamaa kila mtu anakula jasho lake, kwa hiyo kitambi kama kile si bure. Akalitamka neno ambalo siku zile lilikuwa linaogopwa kuliko chui. Akasema, "Huyu ni kupe."

Dorkas, mkewe Eliamini, alinyanyuka na kuapa kwamba mumewe hula makande machache kuliko kuku wake anayeatamia. Watu wakacheka. Eliamini alijivuta ndani ya koti, ingawa jua lilikuwa linachoma, akainamisha kichwa.

Mwenyekiti, Mzee Bartholomeo, alikuwa mtu wa haki, na nyumba yake ilikuwa juu kule karibu na kilele cha Mgongo. Alipendekeza kitafutwe kipande cha reli kutoka stesheni ya Same, kitundikwe mbele ya nyumba yake, naye awe anakigonga. Baragumu likapumzike. Hapo ndipo Eliamini alipoinua kichwa akaomba mwaka mmoja tu. Akishindwa kulipuliza kutoka kileleni kabla ya vuli ijayo, ataileta pembe mwenyewe na kuikabidhi kwa mikono miwili. Mkutano ukakubali. Usiku ule, Dorkas alisimulia baadaye, mumewe aliishika ile pembe mapajani kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa.

Sasa aingie jirani wa pili. Jina lake nimelisahau, uzee ni kazi. Alikuwa karani wa mizani ya kahawa katika chama cha ushirika, mtu wa maneno mengi na dawa za haraka. Yeye alimwambia Eliamini kwamba unene ni kama mgeni, haungojwi uage, unafukuzwa. Kwanza alimpa chumvi ya haluli, vijiko vinne kwa mpigo. Eliamini alishinda chooni siku mbili, akatoka amepungua kilo tatu, akanywa vibuyu viwili vya maji, kilo zikarudi zote na ndugu yao mmoja. Kisha jirani akamfunga tumbo kwa kamba ya mkonge, akamshusha hadi tambarare ya Same, akamkalisha juani ndani ya mablanketi mawili ili mafuta yayeyuke kama samli. Hayakuyeyuka mafuta. Aliyeyuka Eliamini, akaanguka kifudifudi, na ikabidi wanaume wanane wampandishe mlimani kwa machela, wakipokezana na kulaani.

Walimfikisha kwenye zahanati, na hapo alikuwepo muuguzi mgeni, binti wa Pangani aliyeitwa Saada, aliyeletwa na serikali miezi miwili iliyotangulia. Alikuwa mdogo wa umbo na mrefu wa ulimi.

"Shikamoo, Baba Rogathe," alimwambia, maana Rogathe ndiye bintiye wa kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Usinisumbue na maswali ya chakula. Sili."

"Sikuuliza chakula. Nauliza hiyo shingo, imevimba tangu lini?"

Eliamini alijipapasa kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa ana shingo. "Hili? Hili ni rovu tu. Mama alikuwa nalo. Mwenyekiti analo. Hata mchungaji wetu wa zamani alikuwa nalo, na alihubiri vizuri."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu, na nadhani ni sisi watu wa milima pekee tunaoweza kulifanya. Marovu yalikuwa mengi kwetu kama mawe. Mtoto aliona rovu kwa nyanya yake kabla hajajua kuhesabu, akalidhani ni sehemu ya uzee kama mvi. Hakuna aliyewahi kulitazama rovu la Eliamini na tumbo la Eliamini akafikiri kwamba vinajuana. Ilihitajika mtu wa pwani, aliyekulia kwenye samaki na chumvi ya bahari, kuona kwamba shingo ile ni ugonjwa.

Saada aliendelea kuuliza. Baridi? Eliamini alivaa koti hata Januari. Usingizi? Alisinzia mkutanoni, na usiku alikoroma mpaka mbuzi wakahama zizi. Sauti? Ilikuwa nzito kama imepakwa uji. Akampima presha, akaikunjia uso. Kisha akamweleza kwamba shingoni mna tezi, nayo ndiyo inayochochea moto wa mwili. Tezi yake imechoka kwa kukosa madini ambayo udongo wa milimani hauna, na moto ukififia, hata chakula kidogo hugeuka akiba. Alimtuma hospitali ya Same, damu yake ikasafiri hadi Moshi, na baada ya majuma matatu akarudi na habari kwamba daktari amekubaliana na binti wa Pangani. Alipewa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila alfajiri kabla ya chai, pengine kwa maisha yake yote.

Eliamini aliuliza vitamtoa tumbo lini. Jibu la Saada lilimkata maini. Alisema kidonge kitawasha moto tu, kuni ataleta mwenyewe. Na unene wake haukuwa wa tezi peke yake. Tangu watu waanze kumcheka kwa unene, hata kabla ya neno kupe, alikuwa amejifungia ndani, shamba amemwachia Dorkas, usiku anahesabu matusi badala ya kulala. Basi kila siku atembee kuelekea Mgongo, hatua ishirini zaidi ya jana. Alalie ubavu. Ashike jembe. Na asijinyime makande, maana mwili unaonyimwa huwa bahili, na ubahili, alisema yule binti akitabasamu, hakuna haja ya kuwafundisha Wapare.

"Hatua ishirini," Eliamini alinung'unika. "Kwa mwendo huo nitafika nikiwa marehemu."

Nje ya dirisha, uwanjani kwa Eliamini, maana nyumba ilitazamana na zahanati, palikuwa na kisiki kilichobaki cha gogo la zamani. Saada alimwuliza gogo lile lilikuwa na ukubwa gani. Alijibu kwamba lilikuwa refu kuliko nyumba, watoto walikuwa wakilichezea kama farasi.

"Nani aliyelimaliza?"

"Mama Rogathe. Anabandua vibanzi vya kuchemshia chai."

"Kwa shoka kubwa?"

"Kwa kisu cha jikoni," alisema Eliamini, akageuka kukitazama tena kile kisiki.

Yule jirani wa mizani aliposikia habari ya hatua ishirini, alicheka mpaka akashika ukuta. Mbele ya wakulima wote waliopanga foleni na kahawa zao, akatangaza dau. Kama Eliamini atapuliza baragumu juu ya Mgongo kabla ya vuli, yeye atabeba begani kutoka mtoni hadi ukuta wa ndiva mawe yenye uzito sawa na uzito wote atakaokuwa amepunguza. Wakashuhudia watu arobaini. Eliamini akapimwa palepale kwenye mizani ya magunia, akiwa na koti lake: kilo mia moja na ishirini na moja.

Siku ya kwanza alifika kwenye migomba ya Dorkas. Siku ya tatu, kwenye jiwe ambalo wanawake hutua mizigo. Alipita asubuhi na fimbo yake, koti likiburura umande, na watoto wakawa wanamhesabia kwa sauti. Ilipofika Krismasi alikuwa amepungua kilo mbili tu, lakini Dorkas aliona kitu ambacho mizani haikukiona. Mumewe aliamka kabla ya jogoo, na alikuwa anagombana naye tena kuhusu mbegu za maharage, jambo ambalo hakuwa na nguvu za kulifanya kwa miaka minne. Februari zikawa kilo nne. Machi zikawa sita, na jirani wa mizani akaanza kuwa mkimya.

Mwezi wa Aprili koti lilipasuka kwapani. Likapelekwa kwa fundi cherehani, ambaye kwa bahati alikuwa mke wa yule jirani, likalala huko siku mbili. Ijumaa ya kupima kahawa Eliamini alilivaa, akapanda mizani kwa kujiamini, na watu wakasogea. Mizani ya Wapare haichezewi, maana ina macho mia. Jirani hakuigusa hata kwa kidole. Sindano ilikwenda, ikarudi, ikatulia. Alikuwa ameongezeka kilo mbili.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Alishuka taratibu, akaenda nyumbani, akaitoa pembe ukutani, akaifunga katika kitenge cha Dorkas. Alisema ahadi ni ahadi, bora ampelekee mwenyekiti leo kuliko kungoja aibu ya Septemba. Dorkas hakubishana. Alimfuata nyuma kwa hatua kumi, maana mtu anayekwenda kuzika kitu chake haachwi peke yake.

Walipanda. Eliamini alipanda kwa hasira, hahesabu hatua, hatazami jiwe la wanawake wala kichaka cha mikaratusi alichokifikia juzi. Njiani jasho lilianza kumtiririka. Akajifuta, likatiririka tena. Akasimama, na kwa mara ya kwanza kwa miaka sita akavua koti kwa sababu ya joto, akamtupia mkewe.

Dorkas alilidaka, mikono ikamshuka. Akalitikisa.

"Baba Rogathe, koti lako linagonga."

Alipasua bitana kwa meno. Mawe saba yakadondoka, meusi, laini, ya ukubwa wa ngumi, yale ya chini ya daraja la miti, yakabingirika mteremkoni mpaka yakapotelea migombani. Mke na mume wakatazamana. Kisha Dorkas akacheka, akakaa chini akicheka, akamwonyesha kwa kidole. Eliamini aligeuka kuona anaonyeshwa nini. Nyuma yake ulikuwa mlango wa Mzee Bartholomeo. Alikuwa amefika karibu na kilele bila kupumzika, akiwa amevaa mawe.

Mwenyekiti alitoka akauliza wamefuata nini. Eliamini, jasho likimdondoka kidevuni, alisema wamekuja kumsalimia. Wakapewa chai, wakarudi na pembe yao.

Nani aliyatia yale mawe? Haikujulikana. Wengi walisema ni watoto. Wachache walimtazama fundi cherehani kwa jicho la pembeni, na kwa mwaka mzima wapo waliopeleka nguo zao kushonwa Same. Yule mama alilia kidogo, akanyamaza.

Septemba ilipofika, alfajiri ya ukungu, kijiji kilisikia. Sauti ilitoka juu kabisa, ikaanguka mashariki, ikaanguka magharibi, ndefu, isiyokatika, mpaka ng'ombe wakasimama. Wapo wanaosema ilisikika Kileo, ng'ambo ya milima yote. Mimi sitabisha. Watu wa magharibi walikuja wote, na yule kijana wa hotuba alifika wa kwanza, akalichukua jembe la Eliamini na kumbebea. Kipande cha reli kilikuwa kimekwisha kuletwa. Mzee Bartholomeo akakifanya kizuizi cha mlango wa mbuzi wake. Rovu la Eliamini lilikuwa limenywea, na tangu hapo Saada alipata foleni ya shingo mpaka barabarani, mwenyekiti akiwa wa mbele.

Eliamini alipimwa bila koti, na koti likapimwa peke yake ili hesabu iwe ya haki. Alikuwa amepungua kilo ishirini na mbili. Jirani wa mizani alibeba mawe ya kilo tisa, akashika kiuno, akalia kwamba mgongo umevunjika. Eliamini, akiwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa pumzi yake, akamsamehe zilizobaki.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemalizia habari yangu, na ilikuwa nzuri. Nikamsomea mke wangu Yudith, ambaye alikuwa kwenye cherehani yake akipindia shuka. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mguu. Kisha mguu ukasimama.

"Rudia pale kwenye koti," alisema.

Nikarudia.

"Mawe yalibingirika yakapotea. Dorkas hakuyahesabu, amenieleza mara mia. Wewe umejuaje yalikuwa saba?"

Nikasema ni mapambo ya mwandishi.

"Na daraja la miti nalo ni pambo? Miaka ishirini na mitano, Hezroni. Watu walipeleka nguo zao Same, nami nakupikia uji. Andika jina la huyo jirani."

Msomaji, nimeliandika. Lilikuwa limetajwa huko mwanzo kabisa, ila nilidhani halitaonekana. Yudith hakuishia hapo. Alichukua karatasi zote akavuka kwa Eliamini, akazisoma kwa sauti ukumbini kwake, Dorkas akiwa shahidi. Eliamini ana miaka sabini kasoro mmoja, bado anakunywa kidonge chake kila alfajiri, bado anapanda. Nilitegemea atacheka. Alicheka kweli, mpaka akafuta machozi. Kisha akasema kwamba msamaha ule aliutoa kwa mtu aliyeshindwa kihalali, kwa hiyo ameufuta. Zimerudi kilo kumi na tatu, pamoja na yale mawe saba, na siku ya kwanza nimpe Yudith mkono wa radhi mbele ya watu wa kanisani.

Nilimpa, na aliupokea. Nilipolalamika kwamba mgongo wangu sasa ni wa kweli, Eliamini aliniuliza kama ninaweza kubeba jiwe moja la ukubwa wa yai. Nikasema hilo naliweza. Akasema basi kesho moja, na keshokutwa jingine, naye atatembea pembeni yangu asinione nikidanganya.

Leo nimepeleka la kumi na moja. Njiani tunazungumza, tunapumzika kwenye jiwe la wanawake, na Yudith amegundua kwamba suruali zangu zinataka kupunguzwa kiunoni. Ukuta wa ndiva una mahali ambapo mawe yangu yamejipanga, madogo, mtu asingeyaona asipoonyeshwa. Yatafika. Nami niliyewahi kulicheka neno la wahenga mbele ya watu arobaini, nalitia saini kwa bega langu mwenyewe: bandu bandu huisha gogo.